Maumivu ya mgongo na shingo: Yapi ya kuvumilia, yapi ya kukimbiza hospitali

WAULIZE kina mama wanaochuma majani chai Githongo, vijana wanaopakia viazi kwenye malori Kibirichia, madereva wa matatu za kati ya Embu na Meru, au makarani wanaoshinda kutwa mbele ya kompyuta mjini, ni kiungo kipi cha mwili kinachowasumbua zaidi. Wengi watakuonyesha kiuno. Waliosalia watajishika shingo.

Hawako peke yao. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka wa 2020, na kwamba idadi hiyo itafika milioni 843 kufikia 2050. Hakuna tatizo jingine la afya linalowalemaza watu wengi zaidi duniani.

Kwa bahati njema, sehemu kubwa ya maumivu haya haitokani na ugonjwa wa kutisha. Kati ya kila wagonjwa 10 wa mgongo, karibu tisa hawapatikani na mfupa uliovunjika, uvimbe wala maambukizi ya aina yoyote. Wengi wao hupata nafuu katika majuma machache.

Wa kuogopewa ni yule mmoja aliyebaki. Huenda mgongo wake unaliwa na kifua kikuu, una ufa, au una uvimbe unaobana mishipa ya fahamu. Mtu huyu akimeza vidonge vya kutuliza maumivu kwa miezi sita huku akingoja nafuu, anaweza kupoteza miguu yake. Ndiyo sababu ni muhimu kila mtu ajue kuyatofautisha maumivu haya.

Nguzo ya mwili

Uti wa mgongo umeundwa kwa pingili 33 za mfupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Saba ziko shingoni, 12 zimeshikana na mbavu, na tano ziko kiunoni. Zile za chini kabisa huungana mtu anapokua zikawa mfupa mpana wa nyonga na kifandugu.

Kati ya pingili na pingili mna kisahani ambacho madaktari hukiita diski. Katikati yake mna ute mzito wenye maji mengi, nao umezungukwa na ukuta wa nyuzi ngumu. Kazi ya diski ni kama ile ya springi za gari, yaani kupunguza mshtuko.

Ndani ya pingili mna mfereji unaopitisha mkanda wa neva kutoka kwenye ubongo. Matawi ya mkanda huo hutokea kila upande wa mgongo. Ya shingoni huenda mikononi na ya kiunoni huteremka miguuni. Ndiyo maana mtu mwenye tatizo la shingo anaweza kuhisi ganzi vidoleni, naye mwenye tatizo la kiuno akahisi moto unaopita pajani hadi kwenye unyayo.

Kwa nini unauma?

Mara nyingi kinachouma ni misuli na kano zilizochoka au kuvutika kupita kiasi. Maumivu huanza baada ya kuinua kitu kizito, kulima siku nzima au kuketi kwa saa nyingi bila kubadilisha mkao.

Umri nao una sehemu yake. Kadiri miaka inavyosonga, diski hukauka na kupungua kimo, na kingo za mifupa huota vichomozi. Hali hii madaktari huiita spondilosisi, na shingoni ni ya kawaida sana baada ya miaka 50. Jina hilo huwatia watu wengi hofu ilhali kwa wengi wao ni kama mvi kichwani.

Wakati mwingine ukuta wa diski hupasuka na ute hutokeza nje na kubana neva. Madaktari wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walieleza jambo hili mnamo 1934. Dalili yake ni maumivu makali ya mguu mmoja, yanayopita goti na kuandamana na ganzi. Hata hapo, wagonjwa wengi hupata nafuu bila kupasuliwa, kwani mwili wenyewe hukiondoa polepole kile kilichotokeza.

Mizigo ya kila siku

Katika maeneo yanayouzunguka Mlima Kenya, tangu jadi kina mama wamebeba kuni mgongoni kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso. Mnamo 1986, jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wanawake Waluo wanaobeba mizigo kichwani na Wakikuyu wanaoibeba kwa kamba ya pajini. Watafiti waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja kwa tano ya uzani wao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu.

Utafiti huo ulipima nguvu za mwili wala haukupima uchakavu wa mifupa. Hata hivyo una funzo la hesabu. Kwa mama mwenye kilo 60, sehemu moja kwa tano ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una zaidi ya kilo 20, na mzigo wa kuni mbichi huweza kuwa mzito zaidi ya hapo.

Kwa wanaume, Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka wa 1967 kwamba mtu mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Kanuni za viazi zilizotolewa nchini Kenya mnamo 2019 ziliweka gunia kuwa kilo 50 na si zaidi. Kanuni hizo hutajwa sana kwa sababu ya kumlinda mkulima dhidi ya madalali wa magunia marefu. Mpakiaji wa lori naye ana haki ya kuzidai, kwa sababu gunia la kilo 100 hukaa juu ya mgongo wake.

Mwenye kuinua mzigo na aukaribie, akunje magoti na kuukumbatia karibu na kifua. Asijipinde kiuno akiwa ameushika. Mzigo mmoja mkubwa ukigawanywa mara mbili huongeza safari, lakini huokoa mgongo.

Kulala si dawa

Kosa la kwanza linalofanywa na wagonjwa wengi ni kujilaza kitandani siku nyingi wakingoja maumivu yaishe. Zamani hata madaktari waliagiza hivyo. Sasa imebainika kwamba kulala sana hudhoofisha misuli na kurefusha ugonjwa.

Mwaka wa 1995 watafiti wa Helsinki nchini Ufini walichapisha matokeo ya wafanyakazi 186 waliopatwa na maumivu ya mgongo ya ghafla. Waliogawiwa kuendelea na shughuli zao kwa kadiri ya uwezo wao walipona haraka kuliko waliolazwa kitandani siku mbili.

Utafiti mwingine wa Australia, uliotolewa mwaka wa 2024, uliwafuata watu 701 waliokuwa wamepona. Waliofundishwa mpango wa kutembea kwa miguu, wakijenga polepole hadi dakika 30 mara tano kwa juma, walikaa kwa wastani siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wenzao wasiofundishwa walikaa siku 112. Dawa hiyo haina gharama, na barabara za vijijini za Runyenjes au Nkubu zinatosha.

Kwa hivyo, mwenye maumivu ya kawaida apumzike siku moja au mbili ikimlazimu, kisha aanze kutembea kidogo kidogo. Aepuke kwa muda kazi inayozidisha maumivu. Joto la kitambaa kilichotiwa maji moto husaidia kulegeza misuli.

Shingo nayo hutaka mwendo. Fundi wa cherehani, karani, mwanafunzi na yule asiyeachana na simu ya mkono wana tabia moja, nayo ni kuinamisha kichwa kwa saa nyingi. Kila baada ya nusu saa na wainue kichwa, wakigeuze polepole kushoto na kulia, na kuinua mabega na kuyashusha.

Vidonge, mishipi na picha

Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu na zina nafasi yake kwa siku chache. Hatari ni kuzifanya chakula cha kila siku. Zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuchimba vidonda tumboni, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, na mama mjamzito, wasizitumie bila ushauri wa daktari.

Kadhalika, jihadhari na unga au vidonge visivyo na jina vinavyouzwa sokoni na kwenye vituo vya magari. Dawa isiyoandikwa kilichomo inaweza kuwa na steroidi, ambazo huleta nafuu ya haraka huku zikidhoofisha mifupa hiyo hiyo inayouma.

Mnamo Desemba 2023, WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Shirika hilo lilipendekeza mafunzo kwa mgonjwa, mazoezi na tiba ya viungo. Halikupendekeza mishipi ya kufunga kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya afyuni.

Kuna pia suala la picha. Familia nyingi huchanga pesa ili mgonjwa apigwe picha ya MRI, zikiamini kwamba mashine itaonyesha kila kitu. Mwaka wa 2015 watafiti walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wa miaka 80, walikuwa asilimia 96. Hao wote hawakuwa wakiumwa.

Maana yake ni kwamba picha inaweza kuonyesha kasoro isiyo na hatia yoyote, na mgonjwa akaogopeshwa bure. Picha ina thamani kubwa pale daktari anapotafuta jambo maalumu baada ya kumpima mgonjwa kwa mikono yake.

Dalili za kukimbilia hospitali

Usingoje hata siku moja ukiona yafuatayo:

• Miguu kulegea au kushindwa kuinuka, au mikono kupoteza nguvu hata kufunga kifungo cha shati kukawa taabu.

• Ganzi sehemu za siri na makalio, kushindwa kukojoa, au haja kutoka bila habari. Hii ni hali inayohitaji upasuaji wa dharura. Ukichelewa, madhara huweza kuwa ya kudumu.

• Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali.

• Homa pamoja na shingo iliyokakamaa na kichwa kuuma sana. Huenda ni homa ya uti wa mgongo, ambayo huua upesi.

Mwone daktari katika siku chache ikiwa maumivu yanazidi usiku na hayapungui hata ukilala, ikiwa unakonda bila sababu, unatokwa jasho jingi usiku, una homa ya mara kwa mara, au uliwahi kuugua saratani. Saratani ya matiti na ya tezi kibofu, kwa mfano, hupenda kusambaa hadi kwenye mifupa ya mgongo.

Homa inayokuja na kwenda pamoja na maumivu ya kiuno inaweza pia kuwa brusela, ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe na mbuzi. Kinga yake ni rahisi: chemsha maziwa, na usishike kwa mikono mitupu ndama aliyeharibika tumboni.

Kifua kikuu kisicho na kikohozi

Katika magonjwa yote ya uti wa mgongo, hili ndilo linalostahili kuogopwa zaidi kwetu, na ndilo linalotibika vizuri likiwahiwa. Kenya imo katika orodha ya WHO ya mataifa yenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Watu wengi wanajua kwamba maradhi haya hushika mapafu. Wachache wanajua kwamba hula mifupa pia, na kwamba karibu nusu ya kifua kikuu chote cha mifupa hutokea mgongoni.

Viini husafiri kwa damu kutoka mapafuni na kutua ndani ya pingili, mara nyingi katikati ya mgongo au juu ya kiuno. Ugonjwa huenda polepole kwa wiki na miezi. Mgonjwa huhisi maumivu mahali pamoja, yasiyoondoka, na huenda asikohoe hata kidogo. Baadaye pingili hubonyea, mgongo ukafanya kibyongo. Usaha ukikusanyika hubana mkanda wa neva na miguu huanza kulegea.

Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mnamo 1779, akiunganisha mgongo uliopinda na miguu iliyopooza. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa kumlaza mgonjwa ndani ya plasta kwa miezi. Majaribio yaliyoanza miaka ya 1960 nchini Korea, Hong Kong na iliyokuwa Rhodesia yalionyesha kwamba wagonjwa wengi hupona kwa vidonge huku wakitembea, bila plasta na bila kulazwa.

Nchini Kenya dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Cha mapafu hutibiwa kwa kawaida miezi sita, lakini cha mgongo huhitaji miezi 12. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Maumivu huisha mwezi wa tatu au wa nne, mgonjwa akarudi shambani na kuacha dawa, ilhali viini bado vimo ndani ya mfupa.

Mgongo wa mtu mwenye ugonjwa huu usikandwe kwa nguvu, usikanyagwe wala kuvutwa. Mfupa uliolika unaweza kuvunjika chini ya mkono wa mkandaji. Yeyote mwenye maumivu ya mgongo ya zaidi ya majuma sita, hasa akikonda au akiwa anaishi na virusi vya ukimwi, aombe kuchunguzwa kifua kikuu hata kama hakohoi.

Aliyeanguka asibebwe na bodaboda

Miti ya miraa huko Igembe na miembe ya Mbeere huwalisha watu wengi, na mvunaji hulazimika kuipanda. Anayeanguka kutoka juu anaweza kuvunjika pingili bila jeraha lolote la nje. Barabara nayo ina yake. Barabara kuu inayounganisha Embu na Meru hupita daraja la Nithi, ambapo ajali ya basi ya Julai 24, 2022 iliua watu zaidi ya 30.

Kinachoamua kama majeruhi atatembea tena mara nyingi ni zile dakika za kwanza. Watu wema humwinua kwa kumshika kwapa na miguu, au humketisha kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Mfupa uliovunjika husogea na kuukata mkanda wa neva uliokuwa bado mzima.

Mwache alale kama alivyo, isipokuwa kuna hatari kama moto au magari. Mtu mmoja ashike kichwa chake kisitikisike. Ikibidi kumhamisha, watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawa, kisha wamlaze juu ya ubao au mlango. Safari iwe kwa gari linalomwezesha kulala.

Uanzie wapi?

Kwa maumivu ya kawaida, anza katika kituo cha afya kilicho karibu. Afisa wa kliniki anaweza kupima nguvu za miguu, hisia za ngozi na mwitikio wa goti, na hivyo kutenga maumivu ya kawaida na ya hatari. Ukitumwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, usiache baada ya siku mbili. Mazoezi hufanya kazi baada ya majuma kadhaa.

Kwa matatizo makubwa, wakazi wana Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru na Hospitali ya Embu ya Kiwango cha 5, iliyokuwa hospitali kuu ya Mkoa wa Mashariki. Pia kuna hospitali za makanisa kama Chogoria, Consolata ya Nkubu na ya Methodisti Maua. Wagonjwa walio na hali ngumu hutumwa Hospitali Kuu ya Kenyatta, nao waliovunjika uti hupelekwa hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo jijini Nairobi.

Jisajili mapema na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF kuanzia Oktoba 1, 2024. Kujisajili mgonjwa akiwa tayari mlangoni mwa hospitali hupoteza saa ambazo mgongo hauna.

Kuhusu upasuaji, usiukimbilie na usiukatae. Kwa diski iliyotokeza, utafiti wa Uholanzi wa 2007 ulionyesha kwamba waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya mguu haraka, lakini baada ya mwaka mmoja hali yao ilikuwa sawa na ya wale waliosubiri. Mwenye kuweza kusubiri ana haki ya kumuuliza daktari kuhusu njia hiyo. Mwenye miguu inayolegea au aliyeshindwa kukojoa hana nafasi ya kusubiri.

Mzee nyumbani akilalamika mgongo, basi, usimpe kidonge tu na kumwambia ni uzee. Muulize yanauma tangu lini, kama yanamwamsha usiku, kama amekonda, na kama miguu yake ina nguvu jinsi ilivyokuwa mwezi uliopita. Majibu ya maswali hayo manne yatakuambia kama atembee hadi sokoni au apelekwe hospitali leo.